Saumu ya Baba Yangu

Karatasi ya hospitali niliisaini mimi. Baba alikuwa amekaa kwenye benchi ubavuni kwangu, kofia yake ameishika mapajani kwa mikono miwili. Daktari, binti mdogo kuliko mwanangu wa mwisho, alikuwa ameshamaliza kutueleza. Uvimbe ulikuwa umebana njia ya chakula na hauondoleki tena, lakini Dar es Salaam wangeweza kumpasua kidogo tumboni, wamwekee mpira, uji upitie huko bila kushuka kooni. Akiwekewa, ataongeza miezi. Asipowekewa, njia itaziba kabisa. Akamtazama baba, kisha akaniuliza mimi, "Mzee ameelewa?" Nikajibu, "Ameelewa." Nikachukua kalamu.

Daktari alifanya kazi yake, aliuliza. Mimi ndiye niliyemjibia mtu mwenye mdomo wake. Naliweka hili mwanzo kabisa kwa sababu nimewasikia watu wengi wakisimulia habari za wagonjwa wao, na karibu wote huanzia pale walipokosewa. Mimi yangu inaanzia pale nilipokosea.

Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kwa miaka mingi. Nimestaafu, lakini sauti haijastaafu. Wanangu hunitania kwamba hata kuku wa mtaa wetu hapa Kibiti wakiniona wanapanga mstari. Nikiona jambo naamua, nikiamua naanza, na wengine hunikuta njiani. Mara nyingi tabia hii imenifaa, na imewafaa hata wale wanaoilalamikia.

Baba alikuwa kinyume changu. Alikuwa mkulima wa mpunga wa Mohoro, mtu aliyepitisha misimu mingi juu ya dungu, kile kibanda cha miti tunachokiinua shambani ili kulinda mpunga na ndege na nguruwe. Huko juu mtu anakaa peke yake siku nzima, na nadhani ndiko alikojifunza kunyamaza. Mimi alikuwa akiniita "mama", kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. Basi hata aliponikaripia utotoni alinikaripia kwa heshima, na sikumbuki akinipinga jambo mbele ya watu.

Kaka yangu mkubwa, anayeishi Dar es Salaam, alishughulikia mambo ya huko. Tarehe ikapatikana, wiki ya pili baada ya Idi. Alinipigia kwa furaha, nami nikafurahi. Tukaambizana kwamba mzee atapona njaa, na kwamba Mungu ni mkubwa. Baba alikuwa sebuleni kwangu anatusikiliza, maana siku hizo alikuwa anakaa kwangu ili awe karibu na hospitali. Nilimpa simu aongee na mwanawe. Akasema salama, akasema inshallah, akanirudishia simu.

Siku tisa baada ya kusaini, mwezi wa Ramadhani uliandama. Nilikuwa nimepanga kila kitu. Mimi nitafunga, yeye hatafunga, nitamtengenezea uji wa mchele mwepesi na kumwekea kwenye chupa ya chai, anywe kidogo kidogo mchana kutwa. Asubuhi ya kwanza nikampelekea kikombe. Akanitazama, akasema, "Nimefunga, mama."

Nikamweleza kama ninayemweleza mtoto wa darasa la tatu. Mgonjwa ameruhusiwa kula, tena maradhi haya hayana kupona, basi atatoa fidia, atalisha maskini mmoja kwa kila siku, yamekwisha. Akatikisa kichwa kukubali kila neno. Kikombe hakukigusa.

Ningefanya nini? Asiyelelewa pwani huenda asielewe ugumu wake. Toka tukiwa wadogo tumefundishwa kwamba mtu akisema nimefunga, mkono wako unarudi wenyewe. Humsogezei chakula, humbembelezi, humwonjeshi. Nilimlaani moyoni shetani wa ubishi, nikakirudisha kikombe jikoni. Magharibi alifuturu kwa maji, akafuatisha vijiko vitano vya uji wa pilipili manga, nilivihesabu, akasema alhamdulillahi ameshiba. Alfajiri akaamka kula daku nasi. Maji na dawa yake ya maumivu, ile ya kunywa, basi.

Wiki ya kwanza nilijidanganya kwamba ni ucha Mungu. Wageni walivyokuja walimsifu, mzee wa umri huu, mgonjwa hivi, na hajaacha hata moja! Nami nikapokea sifa kidogo, kwa kuwa ni baba yangu. Wiki ya pili vile vijiko vitano vikawa vitatu. Mifupa ya mabega ikaanza kuonekana chini ya kanzu. Hapo nikashikwa na hasira, hasira kabisa, ya kugonga vyombo jikoni. Niliona ananifanyia makusudi. Nimemhangaikia, nimemsainia, kaka amehangaika, na yeye anajikausha kabla siku ya kupasuliwa haijafika.

Nikampigia kaka. Akasikiliza, kisha akasema kwa uchungu, "Sikio la kufa halisikii dawa." Methali ile tumeitumia maisha yetu yote kwa wanafunzi watoro na vijana walevi. Siku ile ilikuwa inamsema baba, na kila neno lake lilikuwa kweli kabisa. Kaka akakohoa, akasema nimwite shehe.

Shehe mwenyewe ni imamu wa Mohoro, aliyesoma madrasa moja na baba. Alikuja siku ya pili yake. Nilimweleza barazani, kabla hajaingia, kile nilichotaka aseme, na nadhani nilikuwa nanyoosha kidole nilipokuwa nikimweleza. Akaniitikia kwa upole, akaingia. Nilimsikia akimwambia baba kwamba Mungu hakutaka kuwatia waja wake katika uzito, kwamba ruhusa ya mgonjwa ni zawadi, na zawadi ya Mola hairudishwi.

Baba akamuuliza, "Nikifungua, nifungue kwa kitu gani, shehe? Hakipiti."

Shehe akanitazama mlangoni, akaniomba niwaachie nafasi. Walikaa muda mrefu. Alipotoka nilimuuliza kama baba sasa atakula. Akasema amemwambia yote yanayompasa mgonjwa, na mgonjwa amesikia. Nikamuuliza tena, atakula au hatakula? Akakaa kwenye kiti, akavua miwani.

"Mtu kujiua ni haramu, hilo halina mjadala," akasema. "Mtu kukataa kupasuliwa, wanazuoni wetu hawakumlazimisha. Sasa baba yako amesimama wapi kati ya hayo mawili, mimi sijui. Na sitaki kujifanya najua kwa sababu wewe una haraka."

Neno hilo la haraka liliniudhi kwa siku mbili. Wakati nikiudhika nikakumbuka jambo. Miaka ya nyuma, ofisini kwa walimu, tulisikiliza redio wakizungumzia nchi za mbali ambako mgonjwa anaweza kumwomba daktari amsaidie kufa. Wasikilizaji walipiga simu mmoja baada ya mwingine kulaani, na sisi walimu tukaitikia. Mimi nililaani kuliko wote. Nilisema huko kwao wamepoteza utu, kwetu jambo hilo haliwezi kufika. Nilivyolifikiria wakati ule, lingekuja na koti jeupe na sindano. Sikudhani kwamba linaweza kukaa sebuleni kwangu na kusema nimefunga, mama.

Maana hapo ndipo nilipoanza kuelewa, na kuelewa kwenyewe kuliniogopesha. Baba hakuwa anafunga Ramadhani tu. Alikuwa amepata mahali pa kujificha ambapo sitaweza kumfuata.

Siku mbili kabla ya Idi akaomba tumpeleke kwake Mohoro, akasali Idi na watu wake. Kaka alikubali kwa sharti kwamba wiki ya pili atakuja na gari kumchukua huko huko. Tukaenda. Barabara ya kuingia kijijini ilikuwa na tope la mvua za kwanza, na baba alikaa mbele akitazama majaruba ya watu, akisema nani amechelewa kupanda na nani amewahi. Siku ile alizungumza kuliko mwezi mzima.

Mimi nilikuwa nangoja Idi kuliko watoto. Siku ya Idi kufunga ni haramu. Hapana mwenye ruhusa ya kusema nimefunga siku ile, awe mgonjwa awe mzima. Nikaamka mapema, nikapika uji wa mchele kwa maziwa, nikauchuja kwa kitambaa mara mbili isibaki hata chenga, nikatia asali. Baba aliporudi kuswali, ameshikwa mkono na wajukuu, nikamwekea mbele yake kikombe kizima. Nilitabasamu, na sijisifu kwa tabasamu lile. Akaniangalia, akasema bismillahi.

Alikinywa chote. Ilimchukua kutoka asubuhi hadi karibu adhuhuri. Kila funda alilishikilia mdomoni, akakunja vidole vya miguu, akalisukuma, likasimama, akangoja. Mara nyingine lilirudi puani. Mara nyingine alikohoa hadi macho yakamtoka machozi, akafuta uso kwa leso, akashika kikombe tena. Jasho lilimlowesha kanzu mpya ya Idi. Watu waliingia na kutoka kutupa mkono wa Idi, naye akawapa mkono na kurudi kwenye kikombe chake, kazi moja tu hiyo, kama mtu aliyebakiza ngwe moja ya kulima. Nilitaka kusema inatosha, baba. Sikusema. Nilijiambia kwamba akimaliza atapata nguvu ya safari. Alipomaliza alinirudishia kikombe kitupu, akajilaza ubavu, na kabla ya alasiri akatapika karibu chote.

Nilimwosha mimi. Nilipokuwa nampangusa kifua niliona aibu ambayo sijawahi kuiona toka nizaliwe. Mwezi mzima nilikuwa nadai ale, na sikuwa nimewahi kukaa nikatazama kula kwake kulivyo.

Kesho yake akaanza sita, zile funga sita za mwezi wa Idi. Nilitazamia hivyo. Sikumpelekea kitu mchana. Magharibi nikampelekea maji, na kijiko kimoja au viwili vya uji alipotaka, na dawa ya maumivu, ambayo hakuikataa hata siku moja. Kijijini sifa zikaenea, mzee amefunga thelathini na anaunga sita. Mimi nikawa nahesabu siku vidoleni, si kwa ajili ya thawabu zake. Nilikuwa najua kwamba sita zikiisha hatakuwa na pa kujificha tena, wala mimi.

Siku ya nane baada ya mwezi wa Idi kuandama, jua likiwa limeshapanda, nikaingia chumbani kwake na kikombe kidogo. Nilikaa chini kwenye mkeka, jambo ambalo miguu yangu hailipendi. Nikamwambia, "Baba, sita zimekwisha. Leo hujafunga."

"Sijafunga," akasema.

"Basi kunywa kidogo."

"Sitaki, mama. Mie sitaki tu."

Aliyasema polepole na bila ugomvi. Mkono wangu ulikuwa bado umenyooka na kikombe. Nikauliza, na sauti yangu haikuwa ile ya shuleni, "Na Dar es Salaam?"

"Huko pia sitaki."

"Kwa nini hukusema pale hospitali? Ulikuwa umekaa pale pale, baba."

Akafikiri kidogo. "Ulishamwambia daktari nimeelewa. Ningekuaibisha mbele ya mtu."

Nililia hapo. Sikulia kwa adabu, nililia kwa kwikwi, kikombe kikamwagika mkekani. Mtu alikuwa amejinyima mwezi na wiki kwa sababu hakutaka kumwambia binti yake mbele ya watu kwamba amesaini kisichokuwa chake. Au hakutaka mpira, na adabu yake ikamkosesha njia nyingine ya kukataa. Sijui ni kipi kilitangulia, na nimejiuliza mara nyingi. Nilimuuliza kama anaogopa kisu. Akasema hapana. Akasema amekula vya kutosha, amewaona wajukuu, mpunga wa watu umepandwa, na kama Mungu amefunga njia moja yeye hataki kutobolewa nyingine. Kisha akanitazama sana.

"Sema 'haya', mama."

Hakutaka nikubali kwamba amefanya sawa. Alitaka neno hilo dogo tu ambalo tunalisema mara mia kwa siku, mtu akituaga kwenda dukani. Nami nilijua kwamba nikilisema, sitakuwa tena mtu aliyeshindwa kumlisha baba yake. Nitakuwa mtu aliyekubali. Nilimwogopa Mungu, nikamwogopa kaka. Nilikaa nalo mdomoni muda mrefu.

"Haya, baba," nikasema.

Akashusha pumzi, akafumba macho, akalala usingizi ambao hakuwa ameupata siku nyingi.

Nilimpigia kaka mchana ule, nikamwambia asije na gari, tarehe aifute. Akadhani mzee amezidiwa. Nikamwambia hapana, amekataa, na mimi nimemkubalia. Kaka yangu ni mtu mpole kuliko mimi, lakini siku ile alipandisha sauti. Akasema mtu mwenye njaa ya mwezi mzima hana akili ya kuamua lolote, na hilo sikuweza kumjibu, kwa kuwa nami nilikuwa nimeliwaza. Akasema, "Unamuua baba kwa sababu umechoka." Nikamwambia kweli nimechoka, lakini si hivyo. Akakata simu.

Baba alikaa siku mbili zaidi. Nilimlowesha midomo kwa pamba, nikampa dawa yake kwa matone, nikamgeuza. Asubuhi ya siku ya tatu aliomba uso wake uelekezwe kibla. Akatamka shahada, mara ya kwanza kwa sauti, mara ya pili kwa midomo tu. Nilikuwa nimemshika mguu.

Kabla kaka hajafika, nyumba ilishajaa. Wanawake wa Mohoro waliponikumbatia, hawakunipa pole peke yake. Walinipongeza. Walikuwa wamepoteza hesabu ya siku, walijua tu kwamba mzee yumo katika sita zake. Wakasema amejaliwa, amekutana na Mola wake na saumu mdomoni, nani hataki mwisho huo? Mmoja alisema anamwombea mumewe apate kama huo. Nilikuwa naitikia kwa kichwa. Ilikuwa rahisi sana kuitikia, na kila nilipoitikia moyo ulizidi kuwa mzito.

Kaka aliingia karibu na adhuhuri, tope la safari viatuni. Hakunisalimu, alikwenda kusimama mlangoni pa chumba cha baba. Shehe akaja akasimama kati yetu. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba watu wanamuuliza, na yeye atasema maneno machache kabla ya swala ya jeneza. "Niwaambie amefariki na saumu yake?"

Shehe hakunitega. Alikuwa ananiuliza kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa pale. Ningesema ndiyo, Mohoro nzima ingemwita baba mja mwema, na kaka angepata kitu cha kujifariji nacho. Ningepona hata mimi. Lakini baba alikuwa ameniambia sijafunga. Alinifungulia mlango ule mwenyewe mwishoni, baada ya mwezi mzima wa kuufunga, na sikuona kwa haki gani niufunge tena akiwa amelala pale hawezi kunijibu. Nilikuwa nimeshamjibia mara moja.

"Hapana, shehe," nikasema. "Hakuwa amefunga. Alikataa chakula, akaniambia anakataa, na mimi nilimkubalia."

Shehe aliinamisha kichwa. Akasema basi atawaambia watu wamwombee, hilo linamtosha kila maiti. Akatoka nje. Kaka alibaki ananitazama, na nilingoja lile neno la kwenye simu alirudie mbele yangu. Hakulirudia. Aliitwa, akakunja mikono ya shati, akaingia kumwosha baba pamoja na wazee wawili, maana hiyo ni kazi ya watoto wa kiume.

Nilikaa nje ya mlango, nikisikia maji yakimiminwa. Ilichukua muda. Alipotoka mikono yake ilikuwa imelowa hadi kwenye viwiko na uso umemsinyaa. Akachuchumaa mbele yangu, karibu, kama tulivyokuwa tukichuchumaa utotoni tunapogawana kitu.

"Nimembeba peke yangu," akasema. "Kutoka kitandani. Peke yangu, kwa mkono mmoja ningeweza."

Sikujua ananilaumu au ananipa habari. Mpaka leo hajaniambia, nami sijamuuliza. Nilimwambia, "Najua, kaka. Mimi ndiye niliyekuwa namgeuza." Akakaa chini kabisa pale ukutani, bega lake likagusa langu, tukangoja jeneza litolewe.